Mkono wa Shemeji

Nyumba yetu ya reli pale Makongeni, Nairobi, ilikuwa na vyumba viwili, na mimi nililala katika kile cha mbele pamoja na pikipiki. Kila jioni baba aliisukuma hadi ndani, gurudumu la mbele likipanda kizingiti kwanza, kisha la nyuma, huku mama akiondoa meza ndogo ili ipate nafasi. Chini ya injini tulitega kifuniko cha debe kikinge matone ya oili. Taa ikizimwa nilitandika godoro langu kando yake na kuisikiliza ikipoa, tik, tik, tik, chuma kikinywea polepole hadi kikanyamaza. Sasa nina miaka arubaini na kitu, nimelala Malaba, Eldoret, Voi na kwingine ambako sikuwa na sababu yoyote ya kwenda, na bado chumba kisichonuka petroli hunichukua muda kukizoea.

Pikipiki ilikuwa ya baba, karani katika stoo za reli, lakini mikono iliyoitunza ilikuwa yangu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne miaka michache nyuma, nikipata kibarua cha hapa na pale viwandani Industrial Area, na siku isiyokuwa na kibarua nilikuwa nayo. Plagi niliisugua kwa brashi ya waya, mwanya wake nikaupima kwa kipande cha msumeno wa chuma. Kebo ya klachi niliining'iniza kwenye msumari ukutani, nikaidondoshea oili juu na kuiacha mpaka ilipotokeza chini. Cheni niliiosha kwa mafuta ya taa katika sufuria ambayo mama aliitoa jikoni kwa ajili yangu, ingawa alinigombeza kwanza. Kiti nilikipeleka soko la Kariokor kwa mshona ngozi, akakivika ngozi nyeusi yenye mshono mwekundu. Baba alikipapasa asiseme neno, na kwake hiyo ilikuwa sifa.

Spea nilizifuata kwenye maduka ya Grogan, nikiwa na ile ya zamani mfukoni, nimeifunga kwa gazeti. Ukienda Grogan mikono mitupu, ukaeleza kwa mdomo, utarudi na kitu cha pikipiki nyingine. Mwenye duka hataki hadithi. Anataka aweke cha zamani na kipya juu ya kaunta, avigeuzegeuze, na wewe uone mwenyewe. Kitu kimoja tu kilinishinda: lile tone la oili. Nilibadilisha gasketi, nikakaza bolti, nikapaka gundi nyekundu, na asubuhi kifuniko cha debe kilikuwa na duara lake jeusi kama kawaida. Mwishowe nilisema kila pikipiki ya umri ule huvuja, nikaamini.

Kwa hiyo ilipojulikana kwamba baba angestaafu mwisho wa mwaka ule, sikuuliza pikipiki itabaki na nani. Baba na mama wangerudi nyumbani magharibi, nyumba ingerudi kwa reli, mimi ningetafuta chumba hapa Eastlands, na pikipiki ningebaki nayo. Baba alikuwa amesema tu, akichokonoa meno baada ya chakula, "Pikipiki haitapanda gari moshi." Nililala vizuri usiku ule.

Halafu ikaanza kutoa moshi. Moshi wa buluu, ukitanda juu ya kamba za nguo, na akina mama kwenye mfereji wakinilaani mimi, si baba. Fundi wetu, aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko la Kariokor, alifungua injini akatuonyesha silinda ilivyolika. Ilipelekwa kwenye mashine ikapanuliwa, ikatiwa pistoni na ringi mpya. Alipoifunga, alimwambia baba maneno ambayo mafundi wote wa enzi ile waliyasema, ila yeye aliyasema kama mtu anayehubiri.

"Mzee, ringi na silinda bado hazijajuana. Waache wajuane polepole. Nusu ya mkono wa mafuta, usipite hapo. Kila siku itembee, lakini isikimbie. Na iwe mkono mmoja. Injini ikizoeshwa na watu wawili inakuwa na tabia mbili. Yule atakayeizoesha ndiye itamjua."

Mimi nilikuwa nimeshika helmeti tayari. Baba alinitazama mkononi, akatazama pembeni. "Huyu ana haraka," alimwambia fundi. Njia nzima ya kurudi Makongeni aliiendesha yeye, polepole, magoti yakiwa yamepanuka kama ya mtu aliyebeba kapu la mayai, na mimi nyuma yake nikihesabu baiskeli zilizotupita.

Jumapili iliyofuata shemeji yangu alikuja.

Alikuwa amemwoa dada yangu mwaka uliopita, na waliishi Jericho, mwendo wa miguu kutoka kwetu. Alikuwa tarishi wa ofisi moja mjini, akipeleka bahasha kwa pikipiki ya kampuni ambayo jioni ilibaki mjini kwa kampuni. Mtu mnene, mpole, viatu vyake viking'aa hata siku ya matope. Na kwa sababu alikuwa mkwe, alipoingia kwetu nyumba nzima ilibadilika. Kwetu mkwe ni mgeni hata akikaa miaka ishirini. Mama alitorokea jikoni na kubaki huko, akinong'ona kwangu kupitia mlango, "Ameongezewa nyama?" Baba na yeye walikaa na meza kati yao, kila mmoja akizungumza na kitambaa cha meza. Mkwe haulizwi swali la moja kwa moja. Mkwe hakatazwi. Mkwe hadaiwi. Mimi peke yangu niliweza kumtania, kwa sababu shemeji na shemeji ni watani, lakini siku ile utani ulinikauka kinywani, kwani baba alikohoa na kusema:

"Mkwe, hii pikipiki ningependa uitembeze kidogo. Wewe una mkono wa pole."

"Nimesikia, baba," shemeji alikiambia kitambaa cha meza.

Basi. Hakuna aliyesema mpaka lini. Chai ilinywewa, sala ikafanywa, na shemeji akaisukuma pikipiki nje, gurudumu la nyuma likishuka kizingiti mwisho. Dada yangu alipanda nyuma akakaa upande, mkoba mapajani, juu ya ngozi niliyoitafuta mimi Kariokor. Wakaondoka kwa nusu ya mkono.

Usiku ule kifuniko cha debe kilibaki sakafuni bila kitu juu yake. Asubuhi mama alikisogeza ukutani kwa mguu, akarudisha meza ndogo mahali pake, na chumba kikawa kikubwa kwa namna iliyonichukiza.

Sikujua kama wivu una sauti mpaka nilipoanza kuisikia pikipiki ile ikipita. Kila asubuhi shemeji alipita Jogoo Road kwenda kazini na kila jioni alirudi, na mimi niliitambua katikati ya malori na mabasi yote, kama unavyotambua kikohozi cha mtu wa kwenu kanisani. Jioni baba alikaa kwenye veranda, shingo ameinamisha upande, chai ikipoa. Pikipiki ikipita, alisema, "Inakwenda vizuri." Siku nyingine nilipotoka ndani aliniuliza, "Imepita?" Nikajibu, "Sijui," ingawa nilikuwa nimeisikia tangu ikiwa mbali. Nilidhani anafurahia uendeshaji wa mkwe wake. Nilidhani anakaa pale baridini ili asikose raha hiyo. Maneno yale, inakwenda vizuri, yalinikaa tumboni kama ugali usioiva.

Vijana wenzangu pale kwenye ukuta wa maskani hawakunisaidia.

"Niaje, buda. Siku hizi ni miguu tu?"

"Pikipiki iko kwa shemeji."

"Iko kwa shemeji ama imeolewa?"

"Wacha," mwingine akadakia. "Huko kwao mambo ni tofauti. Wengine wakioza msichana wanaletewa ng'ombe. Hawa wanatoa msichana, halafu wanaongeza pikipiki juu."

"Akizaa watatoa nini? Gari moshi?"

Nilicheka pamoja nao. Kicheko kile nikikikumbuka hata leo uso wangu hupata joto.

Na kila Jumapili walipokuja, pikipiki ilikuwa na kitu kipya, kama mke wa mtu anayevishwa na mume mwingine. Mara kioo cha upande. Mara raba mpya za kukanyagia. Halafu siku moja nikaona nyuma yake kizuia-matope, kimekatwa kwenye tairi kuukuu, kimeandikwa kwa rangi nyeupe: HARAKA YA NINI. Nilisimama nikayasoma maneno hayo. Labda alikinunua kikiwa kimeandikwa tayari. Labda hakujua baba alivyomwambia fundi. Lakini mimi niliyasoma kama barua iliyoandikwa kwangu na kubandikwa mahali ambapo Nairobi nzima ingeisoma kabla yangu.

Baba naye alikizunguka, akakiinua kwa ncha ya kiatu. "Kizuri," alisema. Shemeji akatazama chini, akatabasamu.

Jumapili hiyo hiyo ndipo niliposikia cheni.

Walikuwa wanaondoka, shemeji na dada, watu wawili wasio wepesi, na pikipiki ilipoanza kusogea cheni ililia. Sauti nyembamba, inakuja na kupotea kadiri gurudumu linavyozunguka. Wengine walisikia pikipiki tu. Mimi nilijua mara moja. Mtu alikuwa ameikaza cheni pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi, hakuna aliyekalia. Ikiwa hivyo cheni huonekana sawa kabisa, lakini watu wakipanda, gurudumu la nyuma hupanda na cheni hukazika kama kamba ya kondoo anayekataa kwenda. Ukiiacha, inakula beringi za giaboksi. Inaweza pia kukatika na kufunga gurudumu, na dada yangu alikuwa amekaa upande.

Ningeweza kupiga kelele pale pale. Lakini baba alikuwa amesimama karibu, na kumkosoa mkwe mbele ya baba ni kumwaibisha baba, si mkwe. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Chini yake kulikuwa na nyingine: nilifurahi. Nilikuwa nimepata kosa lake. Nilifurahi mpaka walipofika barabarani, kisha sauti ile ikanifuata ndani, kwenye sahani, kwenye mto. Wiki nzima jioni niliisikia ikipita, nikisikiliza kama bado inalia. Sikuweza kuvumilia kwamba yuko nayo, na sikuweza kuvumilia kwamba inaumia.

Jumamosi, kulipopambazuka, nilifunga spana zangu kwa kitambaa nikatembea hadi Jericho.

Pikipiki ilikuwa kwenye veranda yao, imefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo. Nilichuchumaa, nikalegeza nati ya ekseli bila kelele, nikarudisha skurubu za kurekebisha upande huu na upande ule. Nikainua cheni kwa kidole. Ilionekana legevu sasa, pengine kupita kiasi. Hapo ndipo nilipokwama. Cheni haipimwi mpaka mtu aketi. Nikiketi, mkono haufiki kwenye cheni. Nikichuchumaa, hakuna aliyeketi. Nilijaribu kuegemea kiti kwa kifua na kunyoosha mkono chini kama mtu anayetafuta shilingi chini ya kitanda, na nilikuwa katika hali hiyo mlango ulipofunguka.

Shemeji alikuwa amejifunga taulo, mswaki mdomoni. Alinitazama, akatema povu kwenye mfereji wa maji machafu.

"Mulamwa," alisema, akiniita kama tunavyoitana mashemeji kwetu. "Wezi wa Makongeni siku hizi wanaiba kwa kukumbatia?"

"Umeikaza cheni ikiwa haina mtu."

"Nani amekaza? Fundi wa ofisini."

"Basi fundi wa ofisini hakukalia. Inalia tangu Jumapili."

"Ndiyo nilikuwa nafikiri ni dada yako analia." Aliweka mswaki dirishani. "Sasa unataka nini?"

"Keti."

Aliketi, taulo na yote, akajishikilia kwa heshima zake. Nilipitisha kidole chini ya cheni. Nikakaza kidogo kushoto, kidogo kulia, nikamwambia ajirushe, akajirusha kitini mara mbili, jirani mmoja akipita na mtungi na kujifanya hajaona. Nikiwa chini vile, uso wangu karibu na goti lake, niliona injini kwa mara ya kwanza tangu iondoke kwetu. Ilikuwa safi. Hata kati ya mapezi ya silinda, mahali ambapo mimi nilipita kwa kitambaa na kuridhika, mtu alikuwa amepita kwa mswaki.

Hasira ikanipanda. "Umeing'arisha kama yako."

"Mzee anasemaje kuhusu hii kitu?"

"Hasemi kitu."

"Ehe. Hasemi kitu. Na injini ilimaliza kuzoea zamani. Oili ya kwanza nilimwaga, ya pili nikamwaga. Kila Jumapili nailetea kwenu, naiegesha pale mlangoni, nangoja mzee aseme, mkwe, iache. Anasema, kizuri. Sasa nifanye nini? Nikiiacha tu niende, atasema nimeutupa mkono wake. Baba mkwe akikupa kitu, unarudisha uso gani?"

"Hakukupa. Alisema uitembeze kidogo."

"Kidogo ni mpaka lini? Wewe ungemuuliza?"

Spana ilibaki mkononi mwangu. Nilimwona baba kwenye veranda, shingo imeinama, chai imepoa. Imepita? Hakuwa anasikiliza uendeshaji wa mtu. Alikuwa anasikiliza kama itakata kona na kuingia kwetu. Yeye hakuweza kumwitisha mkwe kitu alichomkabidhi, na mkwe hakuweza kurudisha kitu asichoitishwa, na mwisho wa mwaka ulikuwa unakuja, na gari moshi nalo lilikuwa linakuja, na hao wawili wangeagana kwa heshima kuu huku wakiongea na kitambaa cha meza, na pikipiki ingebaki Jericho milele bila mtu yeyote kuitaka ibaki hapo.

"Dada yangu hangeweza kusema?"

"Kwa nani? Kwa baba yake, kwamba mume wangu hataki kitu chako? Ama kwangu, kwamba baba yangu anataka kitu chake? Dada yako ana akili." Alishuka, akakaza taulo. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na ufunguo wa pikipiki na ule wa mnyororo, akaziweka dirishani kando ya mswaki, asinipe.

"Mimi naenda kuoga," alisema. "Mimi nikioga huwa nakawia. Na mtu akiibiwa na shemeji yake, hiyo haipelekwi polisi. Watu watacheka tu."

"Na baba?"

"Mzee hakuitisha. Mimi sikurudisha. Wewe ndiye huna adabu, na hiyo kila mtu anaijua."

Niliichukua. Niliisukuma mpaka mwisho wa ploti nikaiwasha, na ikawaka kwa pigo moja la mguu, jambo ambalo kwangu haikuwahi kulifanya asubuhi yenye baridi. Jogoo Road ilikuwa bado tupu kidogo. Ningeweza kuifungua. Nilivuka nusu ya mkono, ikapanda bila moshi, bila kugonga, laini kama uzi unaotoka kwenye kigurudumu cha cherehani. Nilikuwa nimeiota siku hiyo kwa wiki nyingi, na sasa nilipokuwa juu yake nilihisi kama mtu aliyevaa koti la mwenzake na kukuta mabega tayari yamekaa kwa umbo la yule mwingine.

Baba alikuwa akinyoa ndevu verandani, kioo kimeegemezwa dirishani. Aliniona kwenye kioo kwanza. Hakugeuka. Mama alitoka jikoni, akaona ni mimi na si mkwe, akatoka mpaka nje kabisa.

"Umeitoa wapi?" baba aliuliza.

"Nimeiiba kwa shemeji."

Wembe ulisimama shavuni. Kisha niliona mabega yake yakishuka, kama ya mtu aliyetua gunia, na akacheka, povu likimwingia mdomoni. "Huna adabu," alisema. Alipangusa uso akaja. "Usiizime." Akainama, shingo upande, akasikiliza kwa muda mrefu, karibu kuliko alivyowahi kusikiliza kutoka verandani. Nilingoja. Nilikuwa nimetembea hadi Jericho alfajiri, nilikuwa nimeikomboa cheni, nilikuwa nimewatoa wote wawili kwenye ule mtego wa adabu.

"Yule ana mkono," baba alisema. Akarudia, kwa mama, kana kwamba mama hakusikia. "Mkwe wako ana mkono."

"Cheni nimerekebisha mimi," nilisema.

"Vizuri," alisema, akarudi kwenye kioo chake.

Mchana nilimwaga oili, ingawa haikuhitaji kumwagwa. Nilichota kidogo kwa kidole nikaipeleka juani, nikaigeuza, nikitafuta ule unga wa chuma unaometameta injini ikiwa imeharakishwa. Haikuwa na hata chembe. Kizuia-matope nilikifungua, nikaona kimeacha matundu mawili kwenye madigadi, nikakirudisha.

Jioni tuliipandisha kizingiti, gurudumu la mbele kwanza. Mama aliondoa meza ndogo. Nilichukua kifuniko cha debe ukutani, nikakitega mahali pake, nikatandika godoro, nikaisikiliza ikipoa mpaka iliponyamaza. Asubuhi, kabla hata sijavaa shati, nilikivuta kifuniko nikakitazama. Nikapitisha kidole. Kilikuwa kikavu. Sijui shemeji aliziba wapi, na hakuwahi kusema, na mimi sikumuuliza. Nilikirudisha chini ya injini, nikakisogeza kidogo kushoto, pale tone lilipozoea kuanguka, na asubuhi ya pili nikakitazama tena.